Urithi Nje ya Kiini cha Seli: Ua la Carl Correns, Mbegu za Mahindi na Heshima ya Mama

Waamini wengi waliopitia shule ya sekondari wanalikumbuka jina la Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri ya Mtakatifu Thoma mjini Brno na kuonesha kwamba sifa za wazazi huwafikia watoto kwa kanuni zinazoweza kuhesabika. Ni wachache wanaolifahamu jina la Carl Correns, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani. Huyu, mwaka 1900, alikuwa miongoni mwa wale waliomtoa Mendel katika giza la kusahauliwa. Na ndiye huyo huyo ambaye mwaka 1909 alionesha kwamba kanuni za Mendel, ingawa ni za kweli, hazitoshi kueleza urithi wote.

Katika makala haya tunakusudia kueleza alichokiona Correns na yale yaliyofuata baada yake. Jambo hili linaweza kuonekana la maabara tu, lisilo na uhusiano na maisha ya parokia. Lakini tukilifuatilia tutaona kwamba linagusa mbegu tunazozipanda mashambani, linagusa maneno yanayosemwa juu ya akina mama wanapojifungua watoto wagonjwa, na limeleta mbele ya Kanisa swali zito la kimaadili ambalo waamini wanapaswa kulielewa.

Mtawa, barua na mwanafunzi

Mendel alizaliwa mwaka 1822, akaingia utawani mwaka 1843 na kupewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1847. Kati ya mwaka 1856 na 1863 alichunguza mimea ya njegere ipatayo 28,000. Matokeo yake aliyasoma mbele ya chama cha wanasayansi cha Brno mwaka 1865, na yakachapishwa mwaka 1866. Aliyapeleka pia kwa Profesa Carl Nägeli wa München, mmoja wa wataalamu wakubwa wa mimea wa wakati ule, na wawili hao wakaandikiana barua kwa miaka kadhaa. Hata hivyo Nägeli hakuutambua uzito wa kazi hiyo. Mwaka 1868 Mendel alichaguliwa kuwa Abate, majukumu ya uongozi yakamzidi, na mwaka 1884 akafariki dunia bila kuona kazi yake ikipokelewa.

Correns alizaliwa München mwaka 1864. Alisoma chini ya Nägeli yule yule, na baadaye akaoa binti wa ndugu wa profesa huyo. Miaka ya mwisho ya karne ya 19 alikuwa akizalisha machotara ya mahindi na njegere, akaona hesabu zikijirudia kwa mpangilio ule ule. Alipotafuta maandiko ya waliomtangulia, alikuta kwamba mtawa wa Brno alikwisha kueleza yote hayo zaidi ya miaka 30 kabla yake. Angeweza kulipunguza jina la Mendel hadi kuwa tanbihi ndogo. Badala yake, katika makala aliyoitoa mwaka 1900, aliliweka jina hilo kwenye kichwa cha habari, na mwaka 1905 akazichapisha barua za Mendel kwa Nägeli ili ulimwengu uzisome. Huo ni uaminifu ambao hata nje ya maabara tunauhitaji.

Sasa, kanuni ya Mendel ina jambo moja ambalo ni muhimu tulishike vizuri. Katika majaribio yake haikujalisha kama sifa imetoka kwa baba au kwa mama. Ukichukua chavua ya njegere yenye mbegu za duara ukaiweka kwenye ua la njegere yenye mbegu zilizokunjamana, au ukafanya kinyume chake, watoto watafanana. Sababu yake tunaijua leo: ndani ya kila seli mna kiini, ndani ya kiini mna kromosomu, na mtoto hupokea nusu ya kromosomu zake kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Mizani iko sawa.

Mmea wenye matawi ya namna tatu

Correns alipendezwa na mmea mmoja wa bustani ambao wataalamu huuita Mirabilis jalapa. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, na maua yake hufunguka jua linapoanza kushuka alasiri. Wajerumani huliita ua la ajabu. Katika jamii moja ya mmea huu, shina moja lilikuwa na matawi ya namna tatu: matawi yenye majani ya kijani kibichi, matawi yenye majani meupe kabisa, na matawi yenye majani ya mabaka ya kijani na meupe. Kila tawi lilitoa maua yake.

Hapo Correns alifanya jambo rahisi kulieleza lakini lenye kudai uvumilivu. Alichukua chavua kutoka kwenye maua ya kila aina ya tawi na kuipeleka kwenye maua ya kila aina ya tawi, hadi akapata michanganyiko yote tisa inayowezekana. Kisha akapanda mbegu na kusubiri.

Mbegu zilizotoka kwenye tawi la kijani ziliota miche ya kijani, hata kama chavua ilitoka kwenye tawi jeupe. Mbegu zilizotoka kwenye tawi jeupe ziliota miche myeupe, hata kama chavua ilitoka kwenye tawi la kijani. Na miche hiyo ilikufa mapema, kwa kuwa mmea usio na rangi ya kijani hauwezi kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Mbegu zilizotoka kwenye tawi la mabaka ziliota miche mchanganyiko: mingine ya kijani, mingine myeupe, mingine ya mabaka, bila hesabu maalumu ya kudumu. Katika michanganyiko yote tisa, baba hakubadilisha chochote kuhusu rangi ya majani. Kila kitu kilimfuata mama.

Hapa ni lazima tuweke angalizo kwa wakulima wetu. Majani yenye mabaka si mara zote ni ishara ya urithi wa namna hii. Mabaka ya njano tunayoyaona kwenye majani ya mihogo, kwa mfano, mara nyingi ni ugonjwa wa batobato unaoletwa na virusi, na tiba yake ni kutumia vipando safi na kung'oa mimea iliyoathirika. Mmea wa Correns haukuwa na virusi vya namna hiyo. Kilichorithiwa kilikuwa ndani ya seli zenyewe.

Nyumba yenye daftari zaidi ya moja

Kwa nini mama peke yake? Tufikirie seli kama parokia. Kiini chake ni ofisi ambamo vimetunzwa vitabu vikuu: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba kumbukumbu zote za urithi zimo humo tu. Lakini kuzunguka kiini kuna ute uitwao saitoplazimu, na ndani yake mna viungo vidogo vinavyofanya kazi mbalimbali. Viwili kati ya hivyo vina daftari lao wenyewe. Cha kwanza ni kloroplasti, ambamo mmea hunasa mwanga wa jua na kutengeneza chakula. Cha pili ni mitokondria, ambamo chakula hugeuzwa kuwa nguvu ya kuendeshea maisha. Hiki kimo katika mimea, katika wanyama na katika sisi binadamu.

Yai la mama ni seli kubwa iliyojaa saitoplazimu pamoja na viungo hivyo. Chavua, katika mimea mingi yenye maua, hupeleka kiini na karibu hakuna kingine. Hivyo kwenye kitabu kikuu cha ofisi wazazi wote wawili wameandika kwa usawa, bali madaftari madogo mtoto ameyapokea kutoka kwa mama. Tawi jeupe la Correns lilikuwa na kloroplasti zenye kasoro, na kila yai lililotungwa juu yake lilibeba kasoro hiyo hiyo. Tawi la mabaka lilikuwa na kloroplasti za aina zote mbili, na yai moja lilipata nyingi nzuri, jingine nyingi zenye kasoro, jingine mchanganyiko.

Tuseme pia kwamba kanuni hii si ya viumbe vyote. Mwaka huo huo wa 1909, Mjerumani mwingine aitwaye Erwin Baur alichapisha uchunguzi wake juu ya mmea wa Pelargonium, ua linalopendwa sana katika vyungu vya madirishani. Katika mmea huo baba na mama wote wawili hupitisha kloroplasti. Na leo tunajua kwamba katika misonobari na jamii zake nyingi, kloroplasti hutoka kwa baba kupitia chavua. Baur aliona pia jambo ambalo Correns hakulikubali: kwamba vibeba urithi hivyo ni kloroplasti zenyewe. Correns alidhani kasoro iko katika saitoplazimu kwa ujumla. Muda ulimpa Baur haki katika hilo.

Haikuwa rahisi kwa wanasayansi kulipokea jambo hili. Mmarekani Thomas Hunt Morgan, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1933 kwa kazi yake juu ya kromosomu, aliandika mwaka 1926 kwamba katika mambo ya urithi saitoplazimu inaweza kuachwa pembeni. Walioendelea kuichunguza walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa Ruth Sager, ambaye katika miaka ya 1950 alionesha urithi wa namna hiyo katika mwani mdogo wa seli moja. Ilipofika miaka ya 1960, wataalamu waliiona DNA ndani ya kloroplasti na mitokondria, na ubishi ukaisha. Mwaka 1981 daftari la mitokondria ya binadamu lilisomwa lote: lina herufi 16,569 na jeni 37. Mwaka 1986 watafiti wa Japani walisoma daftari la kloroplasti ya tumbaku, lenye herufi karibu 156,000. Ni madogo sana yakilinganishwa na kitabu kikuu cha kiini chenye maelfu ya jeni, lakini bila hayo mmea haupati chakula na mwili haupati nguvu.

Mahindi ya mwaka 1970

Kutoka bustanini tuingie shambani. Mahindi yana maua dume juu ya shina, yaani mbelewele, na maua jike katikati ya shina, ambayo hugeuka kuwa hindi. Anayetaka kuzalisha mbegu chotara hupanda mistari ya jamii mbili na kuhakikisha kwamba mistari ya mama haijichavushi yenyewe. Njia ya kawaida ni kung'oa mbelewele kwa mkono, shina baada ya shina. Huko Marekani kazi hiyo iliajiri maelfu ya vijana kila majira ya joto.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtaalamu wa jenetikia ya mimea Marcus Rhoades alichunguza mahindi ambayo mbelewele zake hazikutoa chavua yenye uhai. Mahindi yana jozi 10 za kromosomu. Rhoades alizibadilisha zote hatua kwa hatua, kizazi baada ya kizazi, kwa kutumia chavua ya mahindi mengine, na bado watoto waliendelea kukosa chavua. Kasoro hiyo haikukaa ndani ya kiini; ilipita kwa mama tu, ndani ya saitoplazimu. Baadaye ilifahamika kwamba chanzo chake ni mitokondria.

Wazalishaji wa mbegu waliona mara moja faida yake. Mama asiyetoa chavua hahitaji kung'olewa mbelewele. Aina moja ya saitoplazimu iliyopatikana Texas ilifaa kuliko nyingine, kwa sababu kulikuwa na jeni ndani ya kiini cha baba zilizoweza kuurudisha uwezo wa kutoa chavua, ili mkulima aliyenunua mbegu apate mavuno kamili. Gharama zilishuka, na kampuni baada ya kampuni zikaifuata njia hiyo. Kufikia mwaka 1970, takriban asilimia 85 ya mahindi chotara ya Marekani yalikuwa na saitoplazimu hiyo moja. Kwa macho mashamba yalionekana kuwa na aina nyingi. Kwa upande wa mama, karibu yote yalikuwa ndugu wa tumbo moja.

Ndipo ukaja ukungu unaosababisha baka jani la mahindi, wa namna mpya, wenye sumu iliyozishambulia mitokondria hizo hizo. Ulianzia kusini, ukapanda kaskazini kwa upepo na mvua za kiangazi, na katika msimu mmoja nchi ile ikapoteza takriban asilimia 15 ya mahindi yake. Katika baadhi ya maeneo ya kusini hasara ilikuwa kubwa zaidi. Na onyo lilikuwa limetolewa: mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Ufilipino walikwisha kuandika kwamba mahindi yenye saitoplazimu ya Texas yanaugua kuliko mengine. Onyo hilo halikusikilizwa ipasavyo. Mwaka uliofuata vijana walirudi mashambani kung'oa mbelewele kwa mikono.

Tunayasimulia haya tukijua kwamba katika nchi zetu mahindi ni ugali wa mchana na uji wa asubuhi, na kwamba familia nyingi hazina ghala la kuwavusha msimu wa pili wakipoteza msimu wa kwanza. Hatusemi kwamba mbegu chotara ni mbaya. Zimeongeza mavuno, na mkulima anayezitumia kwa maarifa anafanya vema. Tunachosema ni kwamba usalama wa chakula haupimwi kwa wingi wa magunia ya msimu mmoja peke yake. Baba Mtakatifu Fransisko katika Waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015 alieleza wasiwasi wake kuhusu kupungua kwa aina za viumbe na mazao, na kuhusu uzalishaji kuangukia mikononi mwa wachache. Kisa cha mwaka 1970 kinaonesha kwamba wasiwasi huo una msingi. Mama wa kijijini anayetunza mbegu za asili darini, juu ya moshi wa jiko, akipanda aina mbili au tatu katika shamba lake, analinda kitu ambacho hata nchi tajiri iligundua thamani yake kwa hasara.

Mama asilaumiwe

Tumesema kwamba mitokondria zimo pia katika binadamu. Kila mmoja wetu, mwanamume kwa mwanamke, amezipokea kutoka kwa mama yake. Mwana wa kiume anazo, lakini hazipitishi kwa watoto wake, binti huzipitisha. Kwa njia hii watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilinganisha mitokondria za watu 147 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, na mwaka 1987 wakaeleza kwamba ukoo wa akina mama wote unarudi nyuma hadi kwa mwanamke mmoja, yaelekea wa Afrika, aliyeishi takriban miaka 200,000 iliyopita. Magazeti yalimwita Hawa. Waamini wasichanganye mambo: utafiti huo haukusema kwamba alikuwa mwanamke pekee aliyeishi wakati wake, wala haukukusudia kuthibitisha au kukanusha simulizi la kitabu cha Mwanzo. Ulisema tu kwamba mistari ya akina mama wengine haikufika hadi leo kwa njia ya mabinti.

Lakini urithi huu una upande wenye maumivu. Mwaka 1988 iligunduliwa kwamba aina moja ya upofu unaowapata zaidi vijana wa kiume husababishwa na kosa katika DNA ya mitokondria. Magonjwa mengine ya jamii hiyo hudhoofisha misuli, moyo au ubongo, na baadhi huwaua watoto wakiwa wachanga. Na hapa tunataka kusema wazi, kwa sababu tunajua yanayosemwa majumbani. Mtoto anapozaliwa na ulemavu au ugonjwa usioeleweka, mara nyingi wa kwanza kunyooshewa kidole ni mama. Huambiwa ana damu mbaya, ana mkosi wa ukoo wake, amelogwa au amelaaniwa. Wapo walioachwa na waume zao kwa sababu hiyo. Asije mtu akasoma habari za urithi wa upande wa mama akapata silaha mpya ya kuwaumiza.

Ukweli ni huu. Magonjwa mengi ya kurithi yanatokana na jeni za ndani ya kiini, ambako baba na mama wamechangia sawa. Selimundu, ugonjwa unaozitesa familia nyingi Afrika Mashariki, huwapata watoto waliopokea jeni yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wote ni wazima; kwa wazazi wa namna hiyo, kila ujauzito una uwezekano wa moja kwa nne wa mtoto kuugua. Hata magonjwa ya mitokondria yenyewe, mengi husababishwa na jeni za kiini. Na anayelaumiwa kwa kuzaa mabinti watupu analaumiwa kwa jambo ambalo huamuliwa na mbegu ya baba.

Hata pale ambapo kasoro imepita kwa mama kweli, yeye hakuichagua. Tukumbuke tawi la mabaka: lilikuwa hai, lilichanua, na lilitoa mbegu za kijani na mbegu nyeupe bila kuwa na uwezo wa kupanga. Mama anaweza kubeba mitokondria nzuri na zenye kasoro pamoja, akawa na afya, na mtoto wake mmoja akawa mzima na mwingine akaugua. Bwana wetu, wanafunzi wake walipomuuliza juu ya mtu aliyezaliwa kipofu kwamba ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alikataa swali lenyewe. Familia ya Kikristo haina ruhusa ya kulirudisha.

Swali lililo mbele ya Kanisa

Elimu hii imezaa pia njia mpya za kitabibu. Mwaka 2015 Bunge la Uingereza liliruhusu utaratibu wa kubadilisha mitokondria za mtoto kabla hajazaliwa, na mwaka 2025 watafiti wa Newcastle walitangaza kuzaliwa kwa watoto 8 kwa njia hiyo. Kwa ufupi, mayai mawili hurutubishwa nje ya mwili: moja la mama mwenye mitokondria zenye kasoro, jingine la mwanamke aliyejitolea. Vitu vya kiini vya yai la kwanza huhamishiwa ndani ya yai la pili, ambalo vitu vyake vya kiini vimeondolewa na kutupwa. Mtoto anayezaliwa anakuwa na kitabu kikuu cha wazazi wake na daftari dogo la mwanamke wa tatu.

Shauku ya wazazi hao tunaielewa. Mama aliyezika watoto wachanga wawili au watatu hastahili kuhukumiwa kwa kutamani mtoto mzima. Hata hivyo Kanisa, katika Maagizo Donum vitae ya mwaka 1987 na Dignitas personae ya mwaka 2008, linafundisha kwamba maisha ya binadamu yanapaswa kuheshimiwa tangu kutungwa kwake, na kwamba mtoto ana haki ya kuwa tunda la tendo la ndoa la wazazi wake, si zao la ufundi. Katika utaratibu tulioueleza, yai lililokwisha kurutubishwa linavunjwa ili jingine lipate viungo vyake. Hapo ndipo penye tatizo: haifai kumwokoa mmoja kwa kumtumia mwingine kama vipuri. Kanisa linafundisha vilevile, kwa uzito ule ule, kwamba mtoto akishazaliwa, kwa njia yoyote ile, ni mtoto wa Mungu mwenye hadhi kamili, anayestahili kupokelewa kwa upendo. Utafiti wa kutibu mitokondria za watu waliokwisha kuzaliwa haukutani na kizuizi hicho, na unastahili kuungwa mkono.

Kanuni na kisichoingia ndani yake

Wapo wanaodhani kwamba mwamini anapaswa kuiogopa sayansi, na wapo wanaodhani kwamba mwanasayansi anapaswa kumcheka mwamini. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 159, inaeleza kwamba imani na akili haziwezi kupingana kweli, kwa kuwa Mungu aliye asili ya imani ndiye pia aliyeipa akili nuru yake. Mtakatifu Yohane Paulo II alilifafanua jambo hilo kwa kina katika Waraka wake Fides et ratio wa mwaka 1998. Mendel aliliishi: alisali masifu kwaya, akateremka bustanini, akahesabu njegere.

Katika historia ya Correns tunaona kitu kimoja zaidi. Alikuwa na kila sababu ya kuitetea kanuni ya Mendel hadi mwisho, kwani jina lake mwenyewe lilikuwa limefungamana nayo. Alipokutana na mmea usioitii, hakuuficha wala hakuulazimisha. Aliuandika kama alivyouona. Kanuni ya mtawa wa Brno haikuvunjika kwa sababu hiyo. Ilipata mipaka yake halisi, na nje ya mipaka hiyo ukaonekana utajiri ambao hakuna aliyekuwa ameutazamia.

Tunawaalika basi walimu wa sayansi katika shule zetu wawaoneshe wanafunzi majaribio haya, ambayo yanaweza kurudiwa kwa vyungu vichache na subira. Tunawaalika viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wazungumze na familia zao kuhusu selimundu na magonjwa mengine ya kurithi, wawahimize wachumba kupima kabla ya ndoa, na wasimame upande wa akina mama wanaobebeshwa lawama. Na mkulima anapochagua mbegu kabla ya mvua za kwanza, asiweke tumaini la nyumba yake yote katika aina moja.